Picha ya Msiba Iko Wapi? Enzi za Kamera ya Mfukoni na Miaka Isiyo na Albamu

Msiba ukitokea Bongo, kabla hata turubai halijafungwa, kuna mtu lazima aulizwe: picha yake nzuri iko wapi? Inatakiwa ya kuweka mbele ya jeneza, ya kwenye ratiba ya mazishi, ya kwenye tisheti, na ya kupostiwa na kila mtu. Hapo droo zinafunguliwa, mabegi ya zamani yanashushwa juu ya kabati, na simu za ndugu zinapekuliwa moja moja.

Sasa cheki hii. Ikitafutwa picha ya ujana wa babu, ya miaka ya 80, mara nyingi inapatikana. Ipo kwenye albamu, imeshika rangi ya njano kidogo, lakini ipo. Ikitafutwa ya mwaka jana, simu moja tu ina mia tatu. Ila ikitafutwa ya kati ya 2004 na 2011, ndugu wanaanza kuangaliana.

"Si tulipiga nyingi siku ile?"

Ndiyo, zilipigwa nyingi. Tena kibao. Lakini hakuna anayejua ziko wapi. Mwishowe inatafutwa picha ya kikundi, marehemu anakatwa kutoka katikati ya watu, na kwenye bega lake unabaki mkono wa mtu ambaye hata hajulikani ni nani.

Miaka hiyo inayokosekana ndiyo miaka ya kamera ndogo ya dijitali, ile ya kutia mfukoni au kwenye kipochi. Ndiyo kamera iliyowazoesha watu wengi wa kawaida kupiga picha za siku za kawaida bila kuhesabu. Na ndiyo iliyoacha pengo kubwa kwenye albamu za familia. Imekuwaje? Stori inaanzia mbali kidogo.

ENZI ZA MKANDA

Kabla ya hapo picha ilikuwa shughuli. Ukienda Mji Mkongwe Zanzibar utaikuta Capital Art Studio, iliyofunguliwa 1930, ukutani kumejaa sura za watu wa zamani. Angalia walivyosimama. Nguo zimepigwa pasi, nywele zimechanwa, hakuna anayetafuna kitu. Mombasa nako, pale kivuko cha Likoni, kulikuwa na vibanda vya wapiga picha vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba ya kifahari. Mtu aliyekuja mjini kutafuta kazi alisimama mbele ya ndege ya kuchora, akapigwa picha, akatuma nyumbani.

Hata nyumba zilizokuwa na kamera yao ziliishi kwa hesabu. Mkanda mmoja ulikuwa wa picha 24 au 36, zikiisha zimeisha. Mwenye kamera alibana picha kama mtu anayebana nauli ya kurudia. Ndiyo maana kuna mikanda iliyoanza Krismasi ikamalizikia Pasaka, mtoto kwenye picha ya kwanza anatambaa, kwenye ya mwisho anatembea.

Halafu ukapeleka studio kusafishwa, ukasubiri. Siku ya kuchukua bahasha ndiyo unajua nani alifumba macho, nani kakatwa kichwa, na kama kuna mtoto alifungua mgongo wa kamera kwa utundu, unaambiwa picha zote zimeungua. Hela imeenda, na siku yenyewe hairudi.

Kwa gharama hiyo, nani angepoteza picha kwa mama anayepepeta mchele uani? Au kwa baba aliyelala kwenye kochi, gazeti limemfunika uso? Picha ilikuwa ya harusi, kipaimara, Idi, mahafali na pasipoti. Siku za kati, yaani maisha yenyewe, zilipita hivi hivi.

Ila enzi ya mkanda ilikuwa na faida moja ambayo hakuna aliyeiona wakati ule. Kila picha ilitoka ikiwa karatasi, na nyuma yake ukabaki ule utepe wa negativu. Kitu unakishika mkononi. Hakihitaji chaja.

DUDE LA KILO TATU NA NUSU

Desemba 1975, mji wa Rochester, Marekani, makao makuu ya Kodak, injinia mmoja kijana alimaliza kuunganisha dude lake la ajabu. Lilikuwa na uzito wa kilo 3.6, ukubwa karibu na toasta ya mkate, limejaa waya na betri 16. Halikutumia mkanda wa picha. Mwanga ulipita kwenye lenzi, ukaangukia kwenye chipu, na picha ikaandikwa kwenye kaseti, kaseti kabisa kama za muziki. Kuandika picha moja kulichukua sekunde 23, na ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, megapikseli 0.01. Simu ya bei chee leo inaizidi mbali sana.

Picha ya kwanza alimpiga dada mmoja wa maabara aliyekuwa kwenye ukumbi wa jirani. Wakairudisha kwenye TV, ikaonekana nywele na nyuma yake ukuta mweupe, uso umevurugika wote. Dada akaangalia, akasema bado kazi ipo, akaondoka zake. Jamaa na mwenzake wakageuza waya fulani, uso ukatokea.

Kuna kitu kimoja kwenye dude lile kinachekesha. Injinia alipanga kaseti ichukue picha 30. Kwanini 30? Kwa sababu ilikuwa katikati ya 24 na 36, idadi ambazo watu walishazizoea kwenye mkanda. Yaani hata aliyeanzisha mambo ya dijitali bado akili yake ilihesabu kwa mkanda. Hakuna aliyewaza kwamba itafika siku mtu atapiga picha mia nne kwenye harusi moja, halafu asisafishe hata moja.

Wakubwa wa Kodak hawakuchangamkia. Walijiuliza kwanini mtu atake kuangalia picha zake kwenye TV. Na ukweli ni kwamba kampuni ilikuwa inaishi kwa kuuza mikanda, karatasi na dawa za kusafishia. Kamera isiyohitaji vyote hivyo ilikuwa kama mwenye duka la mkaa kuletewa jiko la gesi.

"HEBU NIONE"

Ilichukua miaka 20 dude lile kuingia mikononi mwa watu. Mwaka 1995 Casio ya Japani ikaleta QV-10, kamera ndogo yenye skrini mgongoni. Picha zake zilikuwa hafifu, megapikseli 0.25 tu, lakini ile skrini ndiyo iliyobadilisha tabia. Mtu wa kawaida aliipiga picha na kuiona hapo hapo kwenye skrini ya kamera.

Mwaka 2000 Canon wakaja na Digital IXUS, kiboksi cha chuma kinachoingia mfuko wa suruali. Mwaka 2002 Casio wakatoa Exilim yenye unene wa milimita 11.3. Memori kadi nazo zikawa zinaongezeka uwezo huku bei ikishuka. Kufikia katikati ya miaka ya 2000, kamera ya megapikseli 5 ilikuwa zawadi ya kawaida ya ndugu anayerudi kutoka Dubai, London au Guangzhou.

Na hapo neno jipya likaingia kwenye kila picha: "Hebu nione." Zamani ukishapigwa unaendelea na mambo yako. Sasa watu wote wanakimbilia nyuma ya kamera, wanabananisha vichwa kwenye skrini ya inchi mbili. "Futa hiyo, nimetoka vibaya." "Rudia, nilikuwa nameza." Aliyepigwa picha akapata sauti, akawa na haki ya kukataa sura yake. Mambo yote ya kuchagua picha kabla ya kupost yalizaliwa pale, kwenye ile skrini ndogo iliyojaa alama za vidole.

MTAA UNAINGIA KWENYE PICHA

Ukibahatika kuzipata picha za miaka hiyo, utaona kitu ambacho albamu za zamani hazina. Watu wanakula. Dada anasukwa nywele, mdomo umejaa rasta. Mtu yuko kwenye daladala, kidirisha kimefunguka, anacheka. Wanafunzi wa bweni wako kwenye vitanda vya dabodeka, ndoo na masanduku nyuma yao. Jamaa wanaangalia mpira kibandani, wote wameshika vichwa kwa goli lililokoswa. Hakuna aliyejiandaa.

Na zote zina mwonekano mmoja. Flashi iko karibu kabisa na lenzi, mwanga unampiga mtu usoni moja kwa moja, nyuma kunabaki giza. Macho yanatoka mekundu, kwa sababu mwanga unaingia hadi nyuma ya jicho kwenye mishipa ya damu na kurudi ulikotoka. Pembeni chini kuna tarehe ya rangi ya machungwa, mara nyingi ya uongo. Betri ikikaa bila chaji muda mrefu saa ya kamera ilijirudisha mwanzo, na watu hawakujisumbua kuirekebisha. Ndiyo maana kuna familia ambazo kila kitu chao kilitokea tarehe 1 Januari.

Kamera hiyo hiyo ilimpa mtu ajira. Mpiga picha wa mtaani wa enzi ya mkanda alihitaji mtaji, na kila picha iliyoharibika ilikuwa hasara yake. Kwa dijitali, kijana mwenye kamera moja ndogo na betri za akiba aliweza kuzunguka Coco Beach Jumapili nzima, akakuonyesha picha kwenye skrini, ukiridhika ndipo anaenda kuitoa. Kwenye mahafali na harusi akawa na mbinu yake. Anapiga kila anayeingia, anakimbia studio, na sherehe ikiisha unakuta picha zimepangwa chini nje ya ukumbi, kila mtu anajitafuta. Usipoinunua ya kwako unaondoka na aibu ya kuacha sura yako pale sakafuni.

Hakuna kitabu kilichoandika majina yao. Lakini kama leo kuna picha ya karatasi ya 2007 ukutani kwenu, uwezekano ni mkubwa ilipigwa na mmoja wao, na ilibaki kwa sababu mtu alitoa hela, akapewa karatasi.

Mwaka 2005 tena, mpiga picha mmoja wa magazeti, Mtanzania, akiwa safarini Helsinki, Finland, alifungua blogu ya Kiswahili iliyojaa picha. Harusi, misiba, mikutano, watu wa mtaani. Watanzania walioko nje wakawa wanafungua kila asubuhi kuangalia nyumbani kumeamkaje. Picha ya siku ya kawaida ikawa habari.

KADI ILIYOTOKA BAHARINI

Kuna tukio linaloonyesha nguvu ya vidude hivi. Desemba 26, 2004, tsunami iliyoanzia karibu na Sumatra, Indonesia, ilipiga nchi nyingi za Bahari ya Hindi, mpaka pwani ya Afrika Mashariki. Huko Khao Lak, Thailand, wanandoa wawili kutoka Kanada walikuwa ufukweni na kamera yao ndogo ya dijitali. Wakapiga picha ya bahari ikiwa imerudi nyuma. Wakapiga mstari mweupe kwa mbali. Wakaendelea kupiga, kila picha wimbi liko karibu zaidi. Hawakupona.

Baadaye mtu mmoja aliyekwenda kusaidia waathirika aliiokota kamera hiyo. Ilikuwa imeharibika kabisa, haifai. Akatoa memori kadi, akaiweka kwenye kompyuta, na picha zikafunguka. Zikatafutiwa wenyewe, zikawafikia watoto wa wale wazazi. Pamoja na zile za wimbi, kulikuwa na za kabla yake, wazazi wao wakiwa na furaha likizo.

Kadi ndogo kuliko biskuti ilishinda bahari. Sasa kwanini kadi za kwenye droo zetu za nyumbani zimeshindwa na vumbi?

ZILIENDA WAPI?

Jibu la kwanza ni kwamba kadi ikijaa, picha zilihamishwa. Zilihamishiwa kwenye kompyuta ya kaka, kompyuta ikafa, akauziwa fundi kwa vipuri. Au zilihamishwa intaneti kafe, zikawekwa kwenye flashi diski, na flashi ikarudi na virusi vilivyoficha mafolda yote. Fundi akasema dawa ni kuformati. Akaformati.

Jibu la pili ni CD. Harusi nyingi za wakati ule zilikabidhiwa kwenye CD moja yenye maandishi ya kalamu ya maka. Leo laptop nyingi hazina hata sehemu ya kuiingiza, na CD yenyewe imekwaruzika kwa kulaliwa na nyingine.

La tatu ni mitandao. Wengi walizipandisha Hi5, MySpace, baadaye Facebook. Kabla kebo ya baharini ya SEACOM haijafika Dar mwaka 2009, intaneti ilikuwa ya kusukuma kwa mkono, hivyo picha ilipunguzwa ukubwa mpaka ikawa kama stempu ndipo ipande. Ile kubwa ikafutwa kupata nafasi. Halafu 2019 MySpace wakatangaza kwamba kwenye kuhamisha mitambo, picha, video na nyimbo za zamani zilizopandishwa kwao zimepotea. Basi tena.

Na la nne ndilo linalouma. Picha zilipokuwa bure, watu waliacha kusafisha. "Tutasafisha baadaye." Baadaye kamera ikaharibika kioo, chaja ikapotea, na kampuni nyingi zilikuwa na chaja zao, nyingine hadi kadi zao. Sony walikuwa na Memory Stick, Olympus na Fujifilm wakawa na xD. Leo kumpata mtu mwenye kifaa cha kusoma xD ni kazi. Halafu kumbukumbu ya kadi hutunzwa kwa chaji ndogo sana ya umeme ndani yake, na ikikaa miaka mingi bila kuguswa chaji inaweza kuvuja taratibu. Picha zinazeeka gizani bila mtu kuona.

KUFA NA KUFUFUKA

Mwaka 2010 makampuni ya kamera ya Japani yalisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 121 duniani, nyingi zikiwa hizi ndogo. Ulikuwa mwaka wa kilele, na Oktoba mwaka huo huo Instagram ikaanza. Simu ikachukua nafasi, maana ilipiga na kutuma hapo hapo. Januari 2012 Kodak wakaomba ulinzi wa mahakama wa kufilisika. Mwaka 2018 Casio, wale wa skrini ya mgongoni, wakaacha kutengeneza kamera ndogo. Kufikia 2023 kamera ndogo zilizosafirishwa zilikuwa karibu milioni 1.7.

Mpiga picha wa ufukweni naye alipigwa na simu hiyo hiyo. Anakusogelea, unamwonyesha simu yako, anatabasamu, anaenda kwa mwingine. Wengine walinunua kamera kubwa wakaingia kwenye harusi na video. Wengine wameacha, wanafanya shughuli nyingine, na kadi zenye sura za maelfu ya watu wasiowajua ziko ndani kwao.

Ndipo miaka ya karibuni, huko TikTok, vijana wa 2000 wakaanza kuzitafuta tena zile zile kamera. Wanataka ile flashi ya usoni, ile rangi, ile tarehe ya machungwa. Wanasema picha za simu zimetengenezwa mno, ngozi inalainishwa mpaka mtu hajitambui. Kamera ya zamani inakuacha ulivyo. Kilichokuwa kasoro kimekuwa sifa.

Raha sana. Ila wanachofanya baada ya kupiga ni kuzihamishia kwenye simu, kupost kumi, na kuzisahau zilizobaki. Yaani kosa lile lile, na safari hii linafanywa na watoto wa waliolifanya mwanzo.

FUNGUA DROO

Karibu kila nyumba ya mjini iliyowahi kuwa na kamera hizi bado inayo moja mahali fulani. Iko kwenye droo ya betri zilizokufa na funguo zisizo na kufuli. Usiitupe na usimpe mtoto achezee. Hata kama haiwaki, kadi iko ndani. Itoe, mpelekee fundi wa kompyuta mwenye kisoma kadi, na akikuambia iformatiwe kwanza, ichukue uondoke. Zikifunguka, weka nakala sehemu mbili tofauti. Kisha chagua kumi tu, ukazitoe kwenye karatasi, uandike nyuma majina kwa kalamu ya risasi, maana waliomo wanajuana leo, kesho hakuna atakayewajua.

Siku ikifika ya ile picha kuulizwa, pasipoti saizi itakuwepo tu, mtu kakaza uso mbele ya pazia la bluu. Lakini kuna nyingine. Amekaa juu ya ndoo uani, kanga imefungwa ovyo, anacheka mpaka macho hayaonekani, na pembeni imeandikwa tarehe ya uongo. Watu wakiiona hiyo watasema, "Huyu ndiye yeye kabisa." Ilishapigwa zamani. Imelala kwenye kadi, inasubiri mtu.